Ngwatio ya Hesabu

Kufundisha watu usiowaona ni kazi ya kichaa, na mimi niliifanya kwa hiari yangu. Mchana nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi pale Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Jioni nilikuwa mwalimu wa posta. Chuo cha masomo ya mbali kilikuwa kikiniletea mazoezi ya walimu wasio na cheti, wale waliochukuliwa kufundisha mara tu walipotoka kidato cha nne kwa sababu shule zilikosa watu. Walisoma nyumbani kwao baada ya kazi, wakafanya zoezi, wakalitia kwenye bahasha. Mimi nilisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikaandika maneno mawili matatu ya kutia moyo au ya kukaripia, nikarudisha. Wengine nilikaa nao hivyo kwa miaka, na tungekutana sokoni Karatina tungepigania nyanya bila kujuana.

Kazi hiyo ina ugonjwa wake, nao ni ukimya. Mwanafunzi wa darasani akikwama unamwona. Anatazama dirishani, anachonga penseli ambayo tayari ina ncha, anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwanafunzi wa posta akikwama ananyamaza tu. Unasubiri bahasha, unailaumu posta, kumbe mtu aliacha masomo zamani na sasa anauza viatu vya mitumba. Kundi langu la Kiriaini liliniishia mikononi hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeniaga.

Ndiyo maana niliwapenda walimu wangu wanne wa Kianyaga. Hawakuchelewa hata mara moja. Bahasha zao zilikuja pamoja, zikiwa na stempu zilizobandikwa vizuri, na ndani kazi ilikuwa sahihi. Kulikuwa na Watiri, Muriithi, Ngendo, na yule niliyemwombea zaidi, Njoka.

Njoka alikuwa pabaya kuliko wenzake. Mtihani wa cheti ulikuwa na masomo manne, na ilibidi uyapite yote kwa mkupuo mmoja. Alikuwa ameanguka mara mbili, na mara zote mbili alichoangushwa nacho kilikuwa hesabu. Sheria iliyotoka wakati huo, mwaka wa 1994, ilisema ukianguka mara ya tatu unarudisha chaki na kwenda nyumbani. Alikuwa na mke, watoto, mama mzee, na miaka mingi darasani. Kazi nyingine hakuwahi kuifanya zaidi ya kulima.

Sasa fikiria furaha yangu mazoezi yake yalipoanza kuja yakiwa safi, bila kosa, kwa mwandiko ambao ungeweza kuutia kwenye fremu. Nilimwandikia Hongera kwa herufi kubwa. Mara ya pili nikaiandika tena na kuipigia mstari. Nilijisifu kwa mume wangu, Ngatia, kwamba kuna mtu nimemwokoa kwa kalamu. Ngatia ni fundi wa saa na haamini kitu mpaka akifungue aone ndani. Aliniuliza nimejuaje kwamba mtu huyo anajua hesabu. Nikamwambia asome alama, akasoma, akarudi kwa saa zake bila kusema neno, jambo ambalo lilinikera zaidi kuliko kama angebisha.

Likizo ya Aprili chuo kilinituma Kianyaga nikawafundishe ana kwa ana kwa siku chache, wao na wengine wa shule za jirani. Nilivaa rinda langu la Jumapili. Nilipofika mbele ya darasa nikatangaza kwamba nataka waone mtu ambaye bidii imemtoa mbali, na nikamwita Njoka ubaoni. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa ya mkulima, na alikuja bila wasiwasi wowote. Nikamsomea swali. Mzee ana shamba. Robo tatu amepanda chai. Theluthi moja ya sehemu iliyobaki amepanda ndizi. Ndizi zimechukua sehemu gani ya shamba lote?

Njoka aliliandika swali kwa ule mwandiko wake mzuri, akarudi nyuma kidogo, akalitazama kwa heshima. Kisha akageuka na kumnyoshea chaki mwanamke mfupi aliyekaa safu ya pili.

“Madam, hesabu ni ya Watiri,” akaniambia.

Nilidhani ananitania. Watiri aliinuka, akaja, akapiga mistari mitatu ya hesabu kwa mwandiko uliopinda kila upande, akaandika moja juu ya kumi na mbili, akarudi kukaa. Jibu lilikuwa sahihi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba huyu Watiri nilikuwa nikimpa alama chache kuliko Njoka kila mara, kwa sababu ya uchafu wa kazi. Kumbe kazi ilikuwa moja, yake yeye, na nilikuwa nimempa Njoka zawadi kwa kuinakili vizuri.

Niliuliza maana ya hesabu kuwa ya mtu. Ngendo, ambaye ndiye mkubwa wao kwa umri, alinijibu kwa upole kama anayemwelekeza mgeni njia.

“Si tulifanya ngwatio, Madam. Hii kazi ni mingi na sisi tuko na watoto, tuko na ng'ombe. Sasa Watiri anafanya hesabu, Muriithi anafanya Kiingereza, Njoka anafanya sayansi, mimi nafanya ile ya malezi. Halafu tunagawana.”

Mtu yeyote wa pande za mlima anajua ngwatio. Leo tunaenda kulima kwako, wiki ijayo kwangu, baadaye kwa jirani. Hakuna anayelipwa na hakuna anayeachwa na magugu. Kwetu Chuka tunaiita kwa jina letu lakini kazi ni ile ile. Watu hawa wanne walikuwa wamelichukua jambo jema kuliko yote waliyolelewa nalo, wakalitia katika masomo yangu, na hakuna aliyeona aibu hata chembe. Muriithi, kijana mwenye miwani, aliniuliza kama kundi la Kiriaini nalo linafanya hivyo.

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nilikasirishwa na wao, na Hongera zangu zote mbili, na Ngatia na saa zake. Kwa sheria ya chuo ningewaandikia ripoti wakafutwa siku hiyo hiyo. Sikuandika, lakini nilichofanya hakikuwa na akili zaidi. Niliwaambia kwamba mtihani ni Agosti, kwamba kila mtu atakaa kwenye dawati lake peke yake, na Watiri hatakuwa pale kupokea chaki ya mtu. Kuanzia leo kila mmoja afanye masomo yote manne mwenyewe. Wasikae pamoja. Wasionyeshane. Nilifika hata mahali pa kuwakataza kuzungumza habari za hesabu wakiwa njiani kwenda kanisani. Wakasema ndiyo, Madam, nami nikarudi Gatitu nikijiona mwalimu mwenye msimamo.

Mei, bahasha ya Watiri ilikuja peke yake. Ya Muriithi ilifuata ikiwa nusu. Ngendo aliandika kuomba radhi kwamba ng'ombe amezaa, na zoezi litakuja. Njoka hakuleta kitu.

Nilimtumia zoezi jingine, rahisi zaidi. Kimya. Nikamwandikia kwa ukali, halafu nikamwandikia kwa upole. Kimya. Juni ikaingia na nilikuwa nimeanza kuamka asubuhi nikimwaza mtu ambaye nilimwona mara moja tu. Niliujua ukimya ule. Niliogopa, na sitaki kulificha hilo. Watu hawa walikuwa wamekaa katika masomo miaka miwili wakati wengine wote wanakimbia, na kilichowaweka kilikuwa kule kukaa kwao pamoja. Mimi ndiye niliyewatawanya.

Jumamosi moja nikaenda. Ilikuwa msimu mdogo wa kahawa, na nilipofika kwa Njoka mkewe aliniambia yuko shambani na watu. Nikateremka kwenye mstari wa migomba nikawakuta wote wanne pamoja na majirani, wanachuma. Siku hiyo ngwatio ilikuwa kwake. Watiri aliponiona aliangusha kikapu, na Muriithi akaanza kunieleza haraka haraka kwamba hawajazungumza habari za hesabu, Madam, wamezungumza habari za kahawa peke yake.

Kwa pande zetu hufiki kwenye ngwatio ukasimama kando na mkoba. Nikapewa kikapu. Nilikuwa nimeingia mjini miaka mingi na vidole vimesahau, nikachuma kwa kasi ili nisiaibike. Njoka alikuwa akitembea katikati ya mistari akiwaambia watu waanzie mti gani na waache upi. Huyu hakuwa yule mtu wa ubaoni. Sauti yake ilikuwa na uhakika. Alifika kwangu, akatazama kikapu, akakimwaga chote kwenye gunia lililotandazwa chini. Nusu ilikuwa kijani.

“Madam, factory watanirudishia hii,” akasema, naye anacheka. “Tenganisha. Nyekundu hapa, ingine pale.”

Nilipiga magoti nikatenganisha. Nilimtazama akimfanyia Muriithi vile vile, kisha mke wa jirani. Hakumchumia mtu. Hakumtenganishia mtu. Alionyesha, akasogea, akarudi kuangalia. Na watu walichuma kwa mikono yao, kila mmoja kikapu chake, wakikosea na kurekebishwa na kuchekwa, mpaka hata mimi nikaanza kuiona ile nyekundu ya kweli na kuiacha ile ya kudanganya. Nikiwa pale chini magotini, nikaelewa nilipokosea na walipokosea wao.

Tulipokaa kunywa uji niliwaambia. Nilisema ngwatio yao ya hesabu waliifanya vibaya. Niliwauliza kama kuna mtu ambaye, ngwatio ikiwa kwa Watiri, hukaa kitandani akamwacha Watiri alime peke yake, halafu akaja jioni na gunia kuchukua viazi. Walicheka wote. Ngendo akasema mtu kama huyo hataitwa tena hata kwa mazishi.

“Basi ndivyo mlivyofanya,” nikawaambia. “Watiri amelima peke yake, nyinyi mkaja na magunia. Mimi nami nikawaambia kila mtu abaki nyumbani kwake na jembe lake. Sote tulikosea. Rudini pamoja. Hesabu iwe kwa Watiri, lakini kila mtu aende na mikono yake. Na Watiri asishike chaki.”

Watiri aliuliza sasa yeye atafanya nini. Nikamwambia atafanya kile ambacho Njoka amenifanyia asubuhi ile. Atatazama kikapu, na akiona kijani atakimwaga.

Njoka hakucheka. Alikuwa ameshika kibuyu chake cha uji bila kunywa. Nilimsogelea nikamwuliza kwa nini alininyamazia wakati wote ule, na jibu lake nalikumbuka mpaka leo.

“Madam, uliniandikia Hongera,” akasema. “Hakuna mtu alikuwa ameniandikia hiyo, tangu nianze shule. Halafu nifanye peke yangu, nipate sufuri, nikutumie? Nilionelea afadhali unyamaziwe.”

Nilimwambia tu kwamba sufuri zake nazitaka, anitumie zote, na zikiwa nyingi asitumie posta.

Hilo la posta lilikuwa la maana. Mwanafunzi anakosea leo, kalamu yangu inamfikia wiki tatu baadaye, naye ameshasahau hata swali lilikuwa nini. Njoka alikuwa na redio kaseti na mimi nilikuwa na yangu. Binamu wa Muriithi aliendesha gari la kubeba mboga kati ya Kutus na soko la Nyeri karibu kila siku. Tukakubaliana kwamba nitarekodi maswali kwenye kaseti, wao wafanye kwa sauti huku redio inarekodi, kisha kaseti inirudie pamoja na kabichi.

Kaseti yangu ya kwanza ilikuwa mbaya. Nilihubiri upande mzima. Ngatia alikuwa akitengeneza saa mezani na alivumilia mpaka nilipomaliza, halafu akaniuliza watu hao watasema saa ngapi. Nilimnunia, lakini nilifuta. Kaseti ya pili niliuliza swali moja, nikasema, “Simamisheni kanda hapa, mfanye, kisha mnieleze,” na baada ya hapo nikaacha nafasi tupu. Kunyamaza kunanigharimu mimi, watu wa nyumbani kwangu watakuambia.

Ilirudi baada ya siku chache ikinuka kitunguu. Niliiweka jikoni nikaanza kumenya viazi. Kwanza kukaja kwaya, maana walikuwa wamerekodi upande wa pili, juu ya nyimbo za kanisa, halafu kwaya ikakatika katikati ya neno na nikasikia mbuzi, benchi likiburutwa, na Njoka akisoma swali. Lilikuwa la punguzo la bei. Duka limepunguza bei ya blanketi kwa robo, sasa linauzwa shilingi mia tatu, bei ya kwanza ilikuwa ngapi? Njoka alianza kwa sauti ya mtu anayevuka mto. Akasema robo ya mia tatu ni sabini na tano, akajumlisha, akapata mia tatu sabini na tano.

Nilijua Watiri atashindwa kuvumilia. Nilimsikia akivuta pumzi aseme, na Ngendo akamkatiza. “Wacha yeye,” akasema. Watiri akauliza tu kwa sauti ndogo kama Njoka anaweza kupunguza hiyo mia tatu sabini na tano kwa robo, aone kama anarudi kwenye mia tatu. Nilisikia kalamu. Nilisikia Muriithi akikohoa. Nilikuwa nimeacha kumenya.

“Ngojeni kwanza,” Njoka akasema. “Hairudi. Nimechukua robo ya kitu mbaya. Hii mia tatu si blanketi yote, hii ni robo tatu yake.” Kalamu tena. “Basi robo moja ni mia. Ilikuwa mia nne.”

Nilikaa juu ya gunia la viazi. Ngatia aliingia akidhani nimejikata, akakuta nimeshika kisu na machozi yananitoka, na kwaya imerudi inaimba. Niliirudisha kanda nyuma nikamsikilizisha. Aliisikiliza mpaka mwisho, akasema sasa ameona ndani.

Tuliendelea hivyo Julai yote. Kaseti zilienda na kurudi. Si kila moja ilinifurahisha. Ipo ambayo walizozana mpaka Muriithi akatoka nje, na ipo ambayo Njoka alikosea maswali yote na mwishoni akaniambia, “Madam, hii ndiyo ile sufuri uliomba,” kwa sauti iliyokaribia kujivunia. Lakini sasa nilisikia anapokosea, na mahali hasa anapokosea, na mara nyingi kabla sijarekodi jibu langu walikuwa wameshapaona wenyewe. Kazi yangu ilipungua, na mimi ambaye sipendi kupunguziwa kazi nilishukuru.

Mtihani ukafanywa Agosti kule Kerugoya, kila mtu kwenye dawati lake. Baada ya hapo hakuna aliyenitumia kaseti. Septemba ikapita. Matokeo yalichelewa, kama kawaida, na shuleni kukawa na maneno kwamba wasio na cheti wataondolewa muhula ukiisha, bila kungojwa karatasi yoyote.

Mwisho wa Oktoba niliitwa na chuo mjini kuchukua matokeo ya wanafunzi wangu. Nilisoma nimesimama mlangoni. Watiri amepita, na hesabu yake ilikuwa ya juu kuliko ya mtu yeyote aliyesoma kwangu. Muriithi amepita. Ngendo amepita. Kwa Njoka nilianza na masomo mengine ili nijitayarishe. Sayansi, vizuri sana. Malezi, vizuri. Kiingereza, amepita. Kisha nikateremsha macho kwenye hesabu. Alama zake hazikuwa za kutia kwenye fremu. Zilikuwa zimevuka mstari kwa kiasi ambacho ningeweza kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, lakini zilikuwa zimevuka. Nilimshika mkono karani wa watu, ambaye hakuwa na habari, nikautikisa mpaka akaomba aachiliwe.

Barua ingechukua wiki. Asubuhi iliyofuata niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu wangu nikaenda Kianyaga mwenyewe.

Njoka alikuwa darasa la sita. Nilisimama mlangoni kwanza nisimkatize, na nikaona mambo ambayo sikuyaelewa. Vitabu vyote vya darasa vilikuwa vimepangwa mezani kwa ajili ya kukabidhiwa. Kando ya meza kulikuwa na mkungu wa ndizi, viazi vitamu kwenye mfuko wa gunia, na chini yake kuku mwekundu aliyefungwa mguu kwa kamba. Watoto walikuwa kimya kuliko watoto wanavyopaswa kuwa. Hapo nikaelewa. Mtu huyu hakungoja kufukuzwa mbele ya wanafunzi wake. Alikuwa amewaambia mwenyewe kwamba anaenda, nao walikuwa wamekuja kumuaga.

Aliponiona hakusalimia. Alinitazama usoni, nami nilikuwa na uso usioweza kuficha kitu.

“Umepita,” nikamwambia.

“Hesabu?”

“Hata hesabu. Wote wanne.”

Aligeuka akautazama ubao, ambao haukuwa na kitu, akaanza kuufuta kwa mkono wa koti. Aliufuta kutoka juu mpaka chini. Watoto walitazamana. Nilimsaidia kwa kuwaambia mimi, kwamba mwalimu wao amefaulu mtihani na haendi popote. Hawakupiga makofi. Nafikiri habari ilikuwa kubwa mno kwao, kwa kuwa walikuwa wameshamlilia jana.

Kisha msichana mmoja wa dawati la mbele akanyosha mkono. Njoka alimwona kwa pembe ya jicho akamwambia aseme.

“Mwalimu, sasa kuku?”

Njoka aligeuka. Alinitazama mimi, na kwa mara moja katika maisha yangu nilinyamaza bila kulazimishwa. Basi akafanya alichozoea kufanya siku hizo, akarudisha swali kwa darasa na kuwaambia wafikirie kisha waeleze. Mvulana wa nyuma akasema zawadi ni ya kuaga, na kama mwalimu haagi, zawadi irudi. Mwingine akasema ndizi zimeshaanza kuiva. Wakabishana. Msichana aliyeleta kuku alisikiliza wote mpaka wakachoka, akasimama.

“Mama alisema hii kuku ni ya mwalimu,” akasema. “Hakusema ni ya kuenda.”

Njoka akakaa kwenye dawati la mbele, karibu naye, magoti yakiwa yamepanda mpaka kifuani kwa udogo wa kiti. Akacheka, halafu akalia mbele ya darasa zima, na hakuna mtoto aliyemcheka.